Dola 850 za Barbados, siku nane, mtu mmoja

Jumatatu usiku, siku ya tatu, nilimwaga pochi kitandani nikahesabu. Nilikuwa nimeingia Barbados na dola 850 za kule kwa chakula, nauli na matembezi ya siku nane. Mbele yangu zilikuwa 356. Sikuibiwa. Sinywi pombe, na sikuwa nimenunua hata shanga moja. Kwa siku mbili na nusu zilikuwa zimetoka dola 494, na ungeniuliza nimefaidi nini ningekujibu kwamba nimeogelea mara mbili na kula saladi.

Watu huniuliza kama Barbados ni ghali. Ni ghali, ndiyo, lakini jibu hilo halimsaidii anayetaka kwenda na pesa za kuokoteza. Kwa hiyo nitaweka hesabu zangu zote hapa, pamoja na zile za aibu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi ya kutunza wazee Toronto. Mama yangu nilipomwambia kwa simu naenda likizo kisiwani alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, bahari umeiacha Nyali, sasa unaifuata wapi?" Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimechoka na baridi, nilikuwa na likizo ya siku tisa, na nauli ya kwenda nyumbani sikuwa nayo. Kwa miezi kumi na moja nilikuwa nimeweka akiba dola 1,800 za Kanada, na safari nzima ilibidi iishie humo.

Kwa nini Barbados na si kisiwa kingine? Kwanza, mwenzangu wa zamu ni mama wa kule na alinisifia mpaka nikajiona nimeshafika. Pili, Mkenya haombi viza kuingia Barbados. Hapo tayari nimeokoa ada, foleni na barua ya mwajiri. Lakini pasipoti yetu ina mtego wake, na mtego uko njiani, wala si mlangoni. Nilipata tiketi ya kupitia Miami iliyokuwa nafuu kwa dola 140 kuliko ya moja kwa moja. Nikakaribia kuilipa. Bahati nikakumbuka kwamba Marekani hupiti uwanja wa ndege bila viza yao, hata kama unabadilisha ndege tu na hutoki nje, na ada ya viza hiyo ilikuwa dola 185 za Marekani. Nafuu ya 140 ingenigharimu 185, tena za dola nzito zaidi. Nikalipa ndege ya moja kwa moja, dola 564, na bima ya safari 48. Jumla 612. Anayetoka Nairobi hesabu yake ni nyingine kabisa, maana hata akipitia London atahitaji viza ya kupita. Asiige hii yangu.

Bei hiyo niliipata kwa sababu nilikwenda wiki ya pili ya Juni. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni ukaisha 30 Novemba, na watalii wengi wa majira ya baridi wameshaondoka. Barbados imekaa mashariki, pembeni ya visiwa vingine, kwa hiyo vimbunga vingi huipita kwa mbali. Vingi, si vyote: tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini ya kisiwa na kuharibu mashua nyingi za wavuvi. Ukinunua tiketi rahisi ya Juni umenunua na sehemu ya hatari hiyo, ndiyo maana bima sikuikata.

Chumba kilikuwa katika nyumba ya mama mmoja mstaafu, Worthing, upande wa juu wa barabara kuu, dakika saba kwa miguu hadi baharini. Kilikuwa na kitanda, feni, ufunguo wangu mwenyewe na ruhusa ya kutumia jiko. Dola 110 za Barbados kwa usiku, usiku nane. Dola ya Barbados imefungwa kwa ya Marekani tangu mwaka 1975, mbili kwa moja, kwa hiyo hiyo ni 55 ya Marekani. Kwa mtu mmoja si kidogo. Chumba hakijui kama mmelala wawili, na hapo ndipo msafiri wa peke yake anapoanza kulipia kiti kitupu. Hata hivyo hapa sijutii. Ufunguo wangu na jiko ndivyo vilivyokuja kuniokoa.

Baada ya tiketi na chumba nilibakiwa na dola 583 za Kanada. Ukizigeuza ndizo zile 850. Kama dola 106 kwa siku. Si utajiri, lakini si njaa.

Sasa zilivujaje?

Ndege ilitua saa tisa alasiri. Ofisa wa uhamiaji akaniuliza nitalala wapi, nitarudi lini, nafanya kazi gani, nikamwonyesha karatasi, kwisha. Mwenzangu alikuwa ameniambia kituo cha basi kiko nje ya uwanja, kwenye barabara kuu. Nilikuwa na begi moja la mgongoni na jua lilikuwa bado linawaka. Lakini nilisimama pale mlangoni peke yangu, kila mtu anapokewa, mimi sina wa kunipokea, na mtu wa teksi akanikaribisha kwa sauti ya upole. Nikaingia. Teksi za kule hazina mita, nauli huenda kwa maeneo. Dola 50.

Jioni ile nikaenda duka kubwa. Nikachukua mtindi, tufaha, zabibu, jibini, pakiti ya nafaka za asubuhi. Dola 96. Barbados huagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, na vitu nilivyochagua vyote vilikuwa vimepanda meli. Nilikuwa nimesafiri maili elfu mbili na ushei kwenda kununua kabati langu la Toronto kwa bei ya kisiwa.

Jumapili nilikwenda ufukwe wa Rockley, ambao wenyewe huuita Accra. Nikakodi kiti na mwavuli, dola 30, chakula cha mchana mahali pa karibu, 58. Fukwe zote za Barbados ni za umma. Hakuna anayeweza kukuzuia kutandika nguo yako mchangani, na leso nilikuwa nayo ndani ya mkoba. Sikuitandika kwa sababu kila aliyekuwa pale alikuwa juu ya kiti na mwenziwe, nami niliona nikikaa chini peke yangu nitaonekana mnyonge. Haya hiyo ilinigharimu dola 88, na yule niliyemwonea haya sijui hata ni nani.

Jumatatu ndiyo iliyoniua. Nilikuwa nimechoka kukaa bila kusema na mtu, nikapiga simu kuweka nafasi kwenye katamarani, mashua inayopeleka watalii kuona kasa. Sauti ikasema, "Mia na kumi." Nikasema sawa. Gari la kutuchukua lilipofika na risiti kutolewa ndipo nikaelewa kwamba mia na kumi ile ilikuwa ya Marekani. Dola 220 za Barbados. Kisiwani humo sarafu zote mbili zinapokelewa, na shughuli za watalii hutajwa mara nyingi kwa ya Marekani, za wenyeji kwa ya kwao, wala mtu hasemi ipi maana anadhani unajua. Ningeweza kushuka. Sikushuka. Ndani ya mashua walikuwa wawili wawili, mimi ndiye niliyewapiga picha wote. Kasa walikuwa wazuri, sikatai. Niliporudi moyo ulikuwa mzito, nikala nje kwa dola 40.

Hamsini, tisini na sita, thelathini, hamsini na nane, mia mbili ishirini, arobaini. Ukiziangalia hivyo utasema kisiwa ni ghali. Mimi nilipozitazama kitandani usiku ule niliona kitu kingine: karibu zote nilizilipa ili nisijione niko peke yangu. Teksi ilikuwa ya kupokewa, kiti cha kufanana na wenzangu, katamarani ya kupata watu wa kuzungumza nao. Na katika hao niliowalipa, hakuna aliyenizungumzisha zaidi ya dereva wa teksi.

Asubuhi ya Jumanne mama mwenye nyumba alinikuta jikoni nimeinamia bakuli. Nikamweleza. Akafungua friji akatazama. "Hilo tufaha lako nalo lina pasipoti," akasema. Akaniambia niache kununua maji ya chupa, maji ya mfereji ya kule huchujwa na miamba ya matumbawe yakatoka safi. Na akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: nikipanda gari, huwa nawasalimia watu?

Nikaona aibu. Siku tatu zote nilikuwa nikiingia dukani kama ninavyoingia Toronto, macho sakafuni, masikio yamezibwa. Barbados mtu akipanda basi au akiingia kibandani husema habari za asubuhi kwa wote, na wote humwitikia. Mimi mtu wa Mombasa, niliyelelewa kupigwa kibao nikipita mbele ya mzee bila shikamoo, nilikuwa nahitaji kukumbushwa hilo na mwenyeji wa Karibiani.

Gari zenyewe ni hivi. Kuna mabasi ya serikali, ya buluu, ambayo hayarudishi chenji, hivyo uwe na nauli kamili. Kuna mabasi madogo ya njano ya watu binafsi. Halafu kuna ZR, zinatajwa "zed-ar" kwa herufi za kwenye namba zao, vigari vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, muziki juu, makanga mlangoni, na wewe unaambiwa ujibane mwingine apate nafasi. Nilipoingia ya namba 11 nilicheka mwenyewe. Ni matatu ya Likoni, imekosa nakshi tu. Nauli ni dola 3.50, uende kituo kimoja au uvuke kisiwa kizima. Vituo vimeandikwa kwa Kiingereza "kwenda mjini" au "kutoka mjini", basi. Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini bado siku ile nilisimama upande usio wangu robo saa nzima, mpaka bibi mmoja aliyekuwa ng'ambo akanipungia mkono nivuke.

Bridgetown, mji mkuu wao, nikaenda soko la Cheapside. Nikasalimia kwanza. Nikanunua shelisheli moja, viazi vitamu, bamia, maembe, kwa dola 24, na muuzaji akaniongezea maembe mawili juu. Nyongeza! Sijui wao huiitaje, lakini mkono wake ulipofanya vile niliujua. Kwa mchana nikala kitu wanachokiita mkate na viwili: mkate wa mviringo uliopasuliwa, ndani maandazi mawili ya samaki wa chumvi, dola 7. Nauli ya kwenda na kurudi 7. Siku nzima dola 38, na nilikuwa nimezungumza na watu wasiopungua kumi.

Jioni mama mwenye nyumba akapika cou-cou. Ni unga wa mahindi unaosongwa pamoja na bamia, huliwa na samaki anayeruka, na ndicho chakula cha taifa lao. Wanausonga kwa mti bapa ambao kwetu tungeuita mwiko bila kuuliza mara mbili. Nikamwomba nijaribu. Alinitazama mkono unavyokwenda, akauliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia na mama, ila sisi bamia huwa pembeni. Kuanzia siku ile sikula peke yangu nyumba ile.

Jumatano ndiyo siku niliyokosea kihalali. Nilipanda ZR hadi mjini na basi jingine hadi Bathsheba, pwani ya mashariki, jumla dola 7. Matembezi ya kuzunguka kisiwa kwa gari la watalii yangekula bajeti ya siku mbili. Upande ule ni Atlantiki tupu. Mawimbi ni ya wenye mbao za kuteleza, huogelei, mkondo utakuchukua. Mwani wa sargasamu ulikuwa umejaa ufukweni na unanuka. Nilikula samaki kwa 25, nikanywa kinywaji cha 4, kisha nikafuata njia ya reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1937, kuelekea Martin's Bay. Ni mahali pazuri mno kwa mtu asiye na haraka, bahari mkono wa kushoto, mawe makubwa yamesimama majini kama uyoga, hakuna tiketi wala mlango. Nikajisahau. Niliporudi kituoni nililiona basi linamalizikia kupanda kilima, na jua kule huzama kama saa kumi na mbili na nusu, huku giza likishuka upesi. Kungoja jingine gizani mahali nisipopajua sikutaka. Teksi, dola 80.

Nimejiuliza kama teksi hii ni ndugu wa ile ya uwanja wa ndege. Nadhani si ndugu. Ile ya kwanza nililipia hofu wakati hatari haikuwepo. Hii nililipia uzembe, lakini kwa mwanamke peke yake usiku, ningelipa tena. Anayesafiri kwa pesa kidogo inafaa aweke kando dola mia ambazo haziguswi mpaka usiku wa namna hiyo, na mimi sikuwa nimeziweka. Zilitoka kwenye chakula.

Alhamisi ilinirudishia. Mama mwenye nyumba alinipa miwani ya kuzamia ya mjukuu wake, akaniambia niende Carlisle Bay mapema. Asubuhi wazee wa Barbados huingia baharini, si kuogelea hasa, kusimama maji ya kifuani na kuzungumza. Nikawasalimia nikauliza wapi salama. Wawili wakaniambia nikae karibu nao, na mmoja akanionyesha pale kasa wanapopita na pale mabaki ya meli zilizozama yalipo, mwendo wa kuogelea kutoka mchangani. Nikawaona kasa watatu. Nikiwa bado majini ikaja katamarani, ikatia nanga, ikamwaga watu wake kuwatazama kasa walewale. Matumizi ya siku ile: nauli 7, chakula 8.

Ni wazee hao pia walionionyesha mti wa manchineel, wenye mstari mwekundu uliopakwa kwenye shina. Kivuli chake kizuri, tunda lake kama tufaha dogo la kijani, na ni sumu. Utomvu unachoma ngozi, hata mvua ikikunyeshea chini yake. Yaani leso yangu ya Jumapili ningeitandika chini ya mti wowote kwa ujinga wangu, huenda kiti cha dola 30 kingekuwa rahisi.

Ijumaa usiku kila mtu huenda Oistins, mji wa wavuvi, kula samaki wa kuchoma. Ubaoni wameandika pomboo kwa Kiingereza, nikashtuka, kumbe ni fulusi. Dola 45 na makaroni ya kuoka pembeni, bei ambayo siku za nyuma ningeikimbia, lakini meza ni ndefu na za wote, unakaa penye nafasi. Wazee wanacheza nyimbo za zamani kwa adabu, wawili wawili, viatu vimepigwa rangi. Nilikaa saa tatu. Nauli 7.

Jumamosi nikatembea Bridgetown kwa miguu. Katika bustani ya Queen's Park kuna mbuyu mmoja mkubwa ambao watu kumi na zaidi wakishikana mikono ndio huuzunguka. Inasemekana uliletwa kutoka Guinea kiasi cha mwaka 1738. Nilikaa chini yake kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa popote kisiwani. Mibuyu ya Likoni haikuletwa na mtu, iko kwao. Huu ulivuka bahari ileile waliyovushwa watu, katika miaka ileile. Kando ya barabara mikrismasi ilikuwa imechanua nyekundu mwezi wa Juni, na hilo nalo lilinichanganya akili. Nilimnunulia mama bangili ya dola 35, chakula 20, nauli 7.

Jumapili asubuhi nilisimama upande sahihi wa barabara, nikapanda basi la Sam Lord's Castle linalopita uwanja wa ndege. Nikasema habari za asubuhi, wakaitikia. Dola 3.50, safari ileile niliyoilipia 50.

Kwa hiyo siku mbili na nusu za kwanza zilikula 494, na siku tano na nusu zilizofuata zikala 286.50, teksi ya Bathsheba ikiwemo. Nilibaki na 69.50. Dola za Barbados si rahisi kuzibadilisha ukishatoka, nikazitumia pale pale uwanjani, na kitu kimoja nilichochukua kilikuwa chupa ya sosi ya pilipili, ile yao ya manjano, ya kumpelekea mwenzangu wa zamu.

Akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akainusa akiwa amefumba macho. Halafu akaigeuza, akaiona bei chini yake.

"Umeinunua uwanja wa ndege?"

Nikasema ndiyo.

"Sokoni ulipita?"

Nikasema nilipita.

Akatikisa kichwa, akaifunga chupa taratibu, akaitia mkobani.